Harufu ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelikuta daftari hili chini ya kitanda cha binti yangu. La Kemia, kidato cha tatu. Nusu ya kwanza maandishi yake, nusu ya pili tupu. Upotevu. Nitaandika mimi. Darasa la saba nilimaliza vizuri, na mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuuonyesha darasa zima. Hakusema kwa nini.

Habari kubwa. Leo tumeonja pilsna. Aliyepika ni binti, lakini aliyemzaa binti ni nani?

Wiki sita bia hiyo imelala kwenye friji la zamani, katika chumba cha nyuma, kile alichokuwa akiwekea baiskeli marehemu baba yake. Wiki sita sikuruhusiwa kuweka humo hata bakuli la maharage. Dirishani ametundika blanketi. Anasema bia inaogopa mwanga. Nikamwuliza imeiba nini. Akasema mama, tafadhali, usiguse hilo blanketi.

Akafungua bomba la pipa, akamimina taratibu, glasi imelazwa. Rangi ya majani makavu. Unaona vidole vyako upande wa pili. Povu jeupe, limekaa pale juu halina haraka na mtu. Akaniambia kwanza uitazame, kisha uinuse, kisha unywe kidogo na kuipitisha mdomo mzima. Nikamkumbusha kwamba mimi nimekunywa bia kabla yeye hajawa hata wazo. Lakini nilifanya hivyo hivyo. Shayiri naisikia, kama mlango wa mwoka mikate asubuhi. Halafu uchungu wa hopsi, yale maua makavu anayoyachemsha na bia, uchungu wenye adabu zake: unabisha hodi, unakaa kidogo, unaaga. Mdomo unabaki mkavu, unaomba tena.

Nikamwambia haijapata kupikwa bia kama hii. Ni kweli. Ila kuna kitu hakimo.

Sikumwambia. Baba yake alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha bia kila Jumamosi na kreti begani. Akitoa tu kizibo, harufu inatoka, kali kidogo, inaingia mpaka kwenye mapazia. Mtu ukiwa umelala unaamka ukijua leo ni Jumamosi. Hii ya binti haina harufu hiyo. Ni nzuri, lakini nzuri kama mtoto wa watu.

Na Jumamosi hii ndiyo mashindano ya wapika bia wa nyumbani, ukumbi wa manispaa. Hoteli iliyo karibu na stesheni imesema itaanza kununua pilsna ya mshindi. Binti aliacha kazi yake ya kuchanganya rangi dukani kwa ajili ya jambo hili. Amesema akishindwa anauza masufuria, anakwenda kukaa kwa shangazi yake na kufanya kazi ya stoo. Kwa shangazi yake ni safari ya siku mbili. Aliyasema hayo huku anasuuza glasi, kama mtu anayesema kesho huenda ikanyesha.

Siku mbili. Na chumba cha nyuma kibaki na nani?

Kwa hiyo nimeamua kumsaidia. Yeye bado hajui.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu, tunayegawana naye ukuta, ni fundi cherehani. Mtu mwema, lakini ana mkwe. Mkwe huyo naye anapika pilsna, naye anaingia mashindanoni. Tangu Januari nasikia habari zake kupitia kamba ya kuanikia nguo. Mkwe wangu amenunua kipimajoto. Mkwe wangu wamemwita harusini watu waonje. Mimi humjibu kwamba binti yangu alipata tisini ya Kemia, na ushahidi ninao. Ndio huu ninaouandikia.

Leo nimekwenda kupeleleza. Kisingizio: nataka gauni la kuvaa Jumamosi. Akanisimamisha juu ya stuli, akaanza kunizungushia pini. Nikiwa juu pale nikaziona chupa zao, zimepangwa nyuma ya majora ya vitambaa. Nikajisogeza nione kama bia ni safi. Pini tatu zikaingia kiunoni. Akasema tulia mwenzangu, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nikamwuliza kwa mbali, mkwe anaiwekea nini bia yake hata isifiwe hivyo. Akasema ni siri. Nikasema hata sisi tuna siri. Akasema siri yetu anaijua, ni blanketi dirishani, na mtaa mzima unadhani tunauguza mtu.

Nimerudi na alama za pini, oda ya gauni la bluu nisilolihitaji, na habari moja: bia yao ina ukungu, huoni upande wa pili. Ila gauni litanikaa. Fundi mwenyewe alikiri kwamba kiuno changu bado kipo, akasema kimehama tu.

Saa kumi nikatoa turufu. Chini ya kabati langu kuna chupa saba za kijani kutoka kiwanda cha baba yake. Nimezitunza tangu kiwanda kilipofungwa, kila mwaka nazisugua. Nikamwambia binti bia ya mashindano iingie humu. Akakataa. Chupa ya kijani hailindi bia, akasema, ya kahawia ndiyo inayolinda. Sikubishana. Nilikaa kitandani, nikashika chupa moja, nikaitazama tu. Nilihesabu mpaka arobaini. Akasema haya, mama, basi. Sita za mashindano, moja ya akiba, bia iliyobaki kwenye za kahawia. Lakini zikae ndani ya katoni, gizani, mpaka Jumamosi.

Nikasema kwani nani amezungumzia mwanga.

Jumatano, 6 Agosti

Ile harufu hainiachi. Nimeaga kwamba nakwenda kumwona mgonjwa, nikaenda kiwandani.

Sasa ni ghala la viti vya plastiki. Mlinzi wa getini, mtu mzima mwenye redio kwapani, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia mume wangu amefanya kazi hapa miaka ishirini na miwili. Akasema siku hizi hapa hakuna bia, mama, kuna viti. Nikasema ndivyo nilivyokuja kuangalia. Akanifungulia.

Chumba cha kukagulia chupa bado kipo. Pale ndipo alipokuwa akikaa mume wangu, mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake. Chupa tupu zinapita, moja nyuma ya nyingine, naye anatafuta uchafu, ufa, mdudu. Nusu saa kutazama, nusu saa kupumzisha macho. Ndiyo maana nyumbani alikuwa hanywi hata maji bila kuinua glasi kwenye mwanga. Siku aliyokuja kuposa alinitazama mimi vivyo hivyo. Mama yangu akaninong'oneza kwamba huyu mtu anatafuta ufa.

Ukutani bado kuna msumari alipokuwa akitundika koti. Nimeugusa. Una kutu.

Kisha nikatoka uani. Sakafu ile ile ya saruji, ufa ule ule katikati. Hapo ndipo makreti ya wafanyakazi yalipokuwa yakipangwa kila Jumamosi, kila mtu kreti lake la wiki. Yanatolewa saa mbili asubuhi, king'ora kinalia saa saba. Mimi nilikuwa nakuja kumsubiri getini, binti mgongoni, nayaona makreti yamesimama kwenye jua, kijani kinawaka.

Nikasimama pale pale. Jua likanipiga utosini. Na akili ikanijia.

Jua! Jua ndilo lililokuwa likimalizia kazi. Nguo unafua wewe, lakini bila jua umefua nini? Binti yangu amepika, amepoza, amelaza wiki sita. Hajaanika. Kemia walimfundisha yote, hili wakaliruka. Na yeye kwa kukosa mtu wa kumwambia akaenda kutundika blanketi.

Nimenunua kiti kimoja, kuondoa aibu kwa mlinzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Binti ametoka saa tatu kwenda kuandikisha bia yake ukumbini. Nikaazima ngazi kwa fundi cherehani. Paa letu ni la zege, bapa, halionekani kutoka chini. Nikapanda na katoni. Chupa saba, mstari mmoja. Kijani kinawaka vile vile. Nilipiga hatua nyuma nikazitazama, nikajisikia kama meneja wa kiwanda.

Fundi akapaza sauti kutoka chini, naanika nini huko. Pilipili, nikasema. Akasema basi zikikauka nimkumbuke. Nikasema usijali.

Nikageuka. Nilipogeuka tena, ngazi haipo. Mkwe wake alikuwa na bango la kutundika dukani. Nikaita. Cherehani inalia, hanisikii. Nikaita tena. Akaongeza mwendo wa cherehani.

Kuanzia saa nne hadi saa tisa nilikuwa juu ya paa la nyumba yangu mwenyewe, katoni kichwani kama kofia. Muda ule ule ambao makreti yalikuwa yakikaa uani kiwandani. Nikaona ni ishara njema.

Saa nane kiu ikanishinda. Nikaichukua ya akiba, nikang'oa kizibo kwenye ukingo wa ukuta. Ya moto kama supu. Nikainusa.

Ile ile.

Sikuinywa kwanza. Niliishika tu chini ya pua. Nikamwona anaingia na mlango unagonga kreti, kila Jumamosi unagonga, kila Jumamosi anasema atautengeneza mlango. Anatandaza gazeti mezani. Anamimina glasi mbili, anaziinua dirishani, moja huku, moja huku, anatafuta mdudu ambaye hajawahi kumpata. Ananipa yangu. Ananiuliza: vipi? Nami nasema: hapo sasa. Maneno hayo hayo kila wiki, kama kiitikio. Halafu anachota povu kwa kidole, anampaka binti puani, binti anapiga chafya, tunacheka kama hatujawahi kuiona chafya.

Machozi yalinitoka. Hakuna aliyeona, faida moja ya kukaa juu ya paa.

Saa tisa fundi akarudisha ngazi, akadai pilipili zake. Nimelazimika kwenda sokoni kununua pilipili na kumpelekea. Amesema hazijakauka vizuri, mimi si mwanikaji.

Chupa sita zilikuwa zimesharudi ndani ya katoni, na katoni nyuma ya blanketi, binti alipoingia. Akauliza ile ya saba iko wapi. Nikasema ya akiba imetumika kama akiba. Akatabasamu. Akauliza mbona uso wangu umeiva. Nikasema ni furaha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimevaa bluu.

Nilitegemea majaji wazione chupa za kijani, mioyo yao ilainike. Kumbe hawazioni. Bia inamiminwa nyuma ya pazia, inaletwa mezani kwenye glasi yenye namba. Sisi namba kumi na nne. Jaji mkuu ndiye yule aliyekuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda chetu. Wafanyakazi walimwita Bwana Pua, na jina likakaa. Sijakutana naye tangu mazishi ya mume wangu. Amezeeka, lakini pua haijazeeka.

Namba kumi na nne ikaletwa. Majaji wawili wa pembeni wakanusa, wakarudisha glasi mezani upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenyewe yumo. Bwana Pua akanusa. Akanusa tena. Akavua miwani. Akabaki hivyo hivyo, glasi mkononi, anatazama ukuta, mpaka mwenzake akamgusa bega.

Nikamfinya fundi cherehani. Nikamwambia umeona, mzee wa watu hoi. Akasema anaona.

Kikombe: mkwe wa fundi. Sisi: wa kumi na tisa. Walioingia walikuwa ishirini, na wa ishirini chupa zake zilipasuka njiani.

Kila mpikaji akapewa karatasi ya majaji. Binti akaisoma kwa sauti, pole pole. Mwonekano: safi kabisa, povu linadumu. Ladha: shayiri safi, uchungu wa kiasi, kazi ya mkono wenye subira. Harufu: kicheche. Bia imepigwa na jua, kasoro kubwa, haiwezi kushinda.

Kicheche! Yule mnyama anayenuka! Bia ya mwanangu!

Binti aliisoma mara tatu. Hakukasirika; angekasirika ningejua la kufanya. Alisema tu, kwa sauti ndogo: jua gani, mama? Zilikuwa gizani.

Nikaangalia dari. Dari la ukumbi wa manispaa lina feni nane.

Fundi akaja kunipa pole. Angenicheka ingekuwa nafuu.

Nyumbani binti amesugua sufuria kubwa mpaka likang'aa, akalisimamisha karibu na mlango, tayari kwa mnunuzi. Kisha akampigia simu shangazi yake. Nilikuwa jikoni, simsikilizi, nilisikia tu. Aliuliza basi linaondoka siku gani. Alhamisi.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimekwenda kwa Bwana Pua, chupa mbili za kahawia kwenye pochi, zimeviringishwa taulo. Mpango: nimlaumu kwanza, nimsifu baadaye, halafu nilie kidogo, abadilishe alama.

Alinifungulia mwenyewe. Akasema karibu shemeji, nilikuwa nakungoja. Mpango ukaharibika pale pale mlangoni.

Nikaanza hivyo hivyo. Nikamwambia amelitukana tumbo langu, kumwita mtoto wa rafiki yake kicheche. Akasubiri nimalize. Akauliza jambo moja: ziliwekwa juani? Nikasema hapana. Akanitazama. Nikasema kidogo. Akanitazama. Nikasema saa nne hadi saa tisa, shemeji, juu ya paa, na mimi mwenyewe nilikuwepo.

Alicheka mpaka akafuta macho. Akanieleza kwamba jua linaiharibu bia, linaingia kwenye ule uchungu wa hopsi na kutoa harufu mbaya, na chupa ya kijani hailizuii. Kiwandani lilikuwa jambo linalojulikana. Watu wa stoo walifokewa kila wiki kwa kuanika makreti ya wafanyakazi uani, na kila wiki wakayaanika.

Kisha akazungusha miwani mkononi. Akasema kuna kitu nadhani hukijui, shemeji. Wakaguzi wa chupa walikuwa na haki ya kreti la ghalani. La baridi, ambalo halijaona jua. Kila Jumamosi nilimwambia mumeo, chukua la ghalani, bwana. Anakataa. Anakwenda uani anachagua lile lililokaa juani kuliko yote. Tulikuwa tunamcheka. Alikuwa akisema, ingekuwa yangu peke yangu ningechukua la baridi, lakini mama mtoto anaipenda hii, nikimpelekea nyingine nitamvunja moyo.

Akasema jana aliponusa namba kumi na nne alimwona pale getini, kreti begani. Lakini alama ni alama.

Nilimwomba maji. Akaniletea. Niliinua glasi dirishani kabla ya kunywa, sijui kwa nini.

Kisha nikatoa chupa mbili za kahawia. Akafungua moja, akainusa, akanywa kama mtu aliye kazini. Akasema hii ndiyo iliyostahili kuja ukumbini. Kikombe hawezi kumnyang'anya mtu. Ila mnunuzi wa hoteli atakuja kwake kesho kuionja tena ya mshindi kabla ya kusaini, na hakuna sheria inayokataza glasi ya pili mezani. Nimlete binti saa nne. Mimi nisiingie.

Niliandika mpaka hapa nikaweka kalamu chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Sasa niseme, kwa kuwa daftari halina mdomo. Jumamosi ya kwanza baada ya ndoa yetu, alipong'oa kile kizibo, ilinuka. Nilidhani kuna kitu kimekufa chini ya kabati. Lakini alikuwa amesimama pale, shati limemganda mgongoni kwa jasho, glasi mbili dirishani, ananiuliza: vipi? Ningemwambia nini? Nikasema: hapo sasa. Wiki ya pili nikasema tena. Wiki ya tatu nikazoea. Wiki ya kumi nikaipenda kweli, na sijaacha mpaka leo.

Miaka ishirini na miwili. Mimi namnywea yeye, yeye ananinywea mimi. Na ile ya baridi iko ghalani, wanakunywa watu wengine.

Binti nimemweleza yote. Alikuwa anafunga glasi zake kwa magazeti. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, nikasimama mbele yake kama mwanafunzi. Nilipomaliza akauliza, baba alijua kwamba inanuka? Nikasema alijua. Na wewe ulijua? Nilijua. Akasema, na mimi mkanipaka puani. Akaanza kucheka, halafu kikawa si kicheko. Nikamshika kichwa tumboni kwangu, kama zamani, isipokuwa sasa ananizidi urefu, hata akiwa amekaa ilibidi ainame.

Akasema mama, wewe ni mtihani. Nikasema tisini kwa mia. Akaendelea kufunga glasi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikatazwa kuingia, sikuingia. Lakini hakuna aliyesema nisisimame dirishani.

Glasi mbili mezani kwa Bwana Pua. Mnunuzi wa hoteli ni mwanamke mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akaitazama ya mkwe wa fundi, akaonja, akaandika. Akaitazama ya binti yangu. Akainua kwenye mwanga. Nilipoona anainua kwenye mwanga nikajua yameisha, tumepata. Akaonja. Hakuandika. Akaonja tena. Akamaliza. Ya mkwe ikabaki nusu.

Makreti kumi ya kuanzia, kila mwezi, mpaka watakaposema vingine.

Binti akatoka, akanikuta nimejibanza kwenye ua wa jirani wa Bwana Pua, miiba imeshika gauni la bluu. Alinichomoa.

Simu kwa shangazi imepigwa tena, kuaga kutokwenda. Sufuria limerudi chumba cha nyuma. Kikombe mkwe anacho, kimewekwa kwenye dirisha la duka la fundi, kati ya masanamu mawili yasiyo na vichwa. Nimekwenda kumpongeza. Nimemwambia kikombe ni kizuri, hasa ukikitazama kwa mbali. Amesema gauni langu litahitaji kushonwa upya, na safari hii atampima aliyepo, si yule aliyekuwepo.

Jumatano, 13 Agosti

Makreti kumi ya hoteli yako tayari, bia ile ile ya wiki sita. Chupa za kahawia, vizibo vipya, nyuma ya blanketi. Binti jana alinikalisha chini, akaniapisha. Nilinyoosha mkono, nikasema maneno yote kama alivyoyataka: sitaipandisha bia hii juu ya paa, wala kesho, wala kesho kutwa, wala siku yoyote nikiwa hai. Akanikumbatia. Akasema ananiamini.

Nami nimeelewa. Nimesikia maelezo ya Bwana Pua, nimeona karatasi ya majaji. Kasoro ni kasoro. Mambo ya Kemia hayana ubishi.

Lakini asubuhi hii nimekuwa nikifikiri. Marehemu alikuwa mkaguzi miaka ishirini na miwili, jicho lake halikukosea hata chupa moja. Na kila Jumamosi, katika makreti yote ya kiwanda, yeye alikuwa akichagua la juani. Sababu haijalishi. Alilichagua. Na hotelini wanalala watu wa kila namna. Hakosi mmoja mwenye Jumamosi zake, anayekunywa pilsna safi na kuhisi kuna kitu hakimo, na hana wa kumwuliza.

Kreti moja tu. Kati ya kumi.

Binti amekwenda kuchukua vibandiko vya chupa, atarudi saa kumi. Anga halina hata wingu. Chupa ya kahawia ni mbishi, haipitishi jua kirahisi, kwa hiyo itabidi nilitoe tena kesho na kesho kutwa.

Aliniapisha habari ya paa. Uani hakupataja.